Dakika Tatu za Asiye na Upande

Kituo cha Mafuta cha Zajicek,
Njia Panda ya Lhota,
Nebraska.
Jumapili, Februari 22, 2004.

Mpendwa mdogo wangu Lumir,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu kutoka nyumbani. U hali gani huko Alaska? Lile goti lililokusumbua tangu ulipoteleza gatini linaendeleaje? Na mkeo Noreen je, kifua chake kimetulia? Natumaini barua hii itawakuta wote mkiwa wazima na mmeshiba samaki. Tafadhali usinijibu kwa mistari miwili kama ulivyozoea. Nataka habari za goti kwa ukamilifu.

Sisi huku tu wazima. Theluji imefika madirishani upande wa kaskazini, bomba la jikoni limeganda mara mbili, na paka wa Albina amezaa ndani ya kapu langu la nyuzi. Mkono wangu umepona. Daktari aliniondolea plasta kabla ya Krismasi, nami nakanda unga kama zamani, ingawa baridi ikizidi kifundo kinanikumbusha kwamba kipo.

Najua unangoja neno langu kuhusu kituo. Yule mnunuzi wa Omaha anapiga simu kila wiki, na karatasi zake ziko kwako kama zilivyo kwetu, zinasubiri sahihi. Baba alituachia sisi watatu, mimi, wewe na Albina, na bila sahihi tatu hakiuzwi. Mimi ndiye niliyeanza kusema tuuze, sikatai. Nitafika huko, tulia. Kwanza lazima nikusimulie tulivyokwenda Lincoln Alhamisi kuwashawishi wabunge wa jimbo, kwa sababu mambo haya mawili ni jambo moja, na pia kwa sababu sijacheka namna ile tangu siku ya harusi yako.

Wewe umehama zamani, labda umesahau sheria yetu ilivyo. Ile bastola ya marehemu mume wangu naweza kuifunga kiunoni waziwazi, nikauza petroli siku nzima, na hakuna wa kunigusa. Lakini nikivaa koti juu yake, basi nimeficha silaha, na hilo ni kosa. Sasa niambie, Februari hii nani anatoka nje bila koti? Baada ya yule mtu kunivizia Oktoba nyuma ya tangi la dizeli, akanisukuma, akanivunja mkono na kuondoka na mfuko wa mauzo, nilijaribu kuivaa waziwazi. Nilimudu siku mbili tu. Harlan Mejstrik, yule anayewafundisha vijana uwindaji, aliingia kunywa kahawa, akaitazama bastola, akaitazama kahawa, akaniuliza, "Vlasta, imepanda bei?" Watoto wa shule nao wakaacha kuja kununua peremende. Nikairudisha kabatini.

Muswada uliokuwa mbele ya kamati mwaka huu ungempa raia kibali cha kubeba bastola chini ya nguo, akishahudhuria darasa na kuchunguzwa na polisi. Mimi niliuunga mkono kwa moyo wangu wote. Albina, ambaye unamjua, aliupinga kwa moyo wake wote.

"Dada, wewe ukishtuka unarusha chochote ulichoshika," aliniambia. "Mwaka jana ulinirushia sufuria kwa sababu ya panya! Sasa nikija kukuletea supu, nawe una bastola ndani ya aproni, nitarudi na bakuli au nitarudi na tundu?"

"Utabisha hodi."

"Na mwizi je? Yeye naye utamwambia abishe hodi?"

Basi ikawa kila Jumatatu tunamwandikia Seneta Gerdes, mwakilishi wetu aliye kwenye kamati hiyo, mezani pamoja, mimi upande wa jiko na yeye upande wa dirisha. Nikimaliza yangu nampa aniangalizie makosa. Unajua alivyo, miaka thelathini alipika shuleni na hakuna mwalimu aliyemshinda kwa maandishi. Ananisahihishia kwa haki kabisa, kisha anaandika ya kwake kuyabomoa yote niliyosema. Halafu tunazitia bahasha na kuzipeleka posta kwa safari moja.

Lakini usidhani ulikuwa mzaha mtupu. Tangu Krismasi mambo yalikuwa yameharibika. Mimi nilikuwa nachelewa kurudi nyumbani baada ya kufunga kituo, naye alikuwa ananipakulia chakula bila kunitazama. Tulikula kimya kama wageni wa hoteli. Iliniuma, Lumir. Tumeishi sisi wawili nyumba ile miaka tisa tangu nifiwe, na hatujawahi kukosa la kusema.

Sasa sikia safari yenyewe. Watu kumi na mmoja wa parokia walitaka kwenda kutoa maoni, sita wa kuunga mkono na watano wa kupinga, na gari lenye hita inayofanya kazi ni moja tu, lile basi dogo la kanisa. Padre alitoa funguo kwa sharti moja, kwamba atakayeutaja muswada kabla ya kufika Lincoln atashushwa na kusukuma gari likikwama. Harlan, kiongozi wetu, aliendesha. Pembeni yake alikaa Dolores Kratochvil, yule nesi mstaafu aliyekudunga sindano ukiwa darasa la tatu ukazimia, na yeye ndiye kiongozi wa wapinzani. Saa nzima na nusu wakazungumza juu ya chambo cha kambare. Kila tulipopita bango la duka la bunduki, basi zima lilikohoa.

Mimi nilikuwa nimebeba kolache, vile vimkate vyetu vitamu, maboksi mawili, za plamu na za jibini. Niliamka mapema kuzioka. Nilidhani nitampelekea Seneta Gerdes na wenzake wakae wametulia wakitusikiliza.

Utaratibu wa kamati ni huu. Unajaza fomu, unangoja muswada wako ufikiwe. Wanaounga mkono wanazungumza kwanza, wakiisha wanakuja wanaopinga, na mwisho kabisa wanaitwa wasio na upande. Kila mtu ana dakika tatu, na mbele yako kuna taa ya kijani, ya njano na nyekundu kama za barabarani. Kundi lako likishapita, limepita. Harlan alilirudia jambo hilo mara nne ndani ya basi, akinitazama mimi.

Kabla ya muswada wetu ulikuwapo mmoja wa ada za makarani wa mahakama. Mungu anisamehe, sijawahi kusikia watu wakiongea muda mrefu hivyo juu ya kitu kidogo hivyo. Nikasema moyoni, hapa kuna saa nzima, ngoja nipeleke kolache zangu. Nikatoka.

Kwenye korido nje nikakutana na wanawake wanane wa Omaha wamekaa sakafuni, wametandika makoti, wamevaa beji za kupinga muswada. Walikuwa wameondoka kwao kabla ya chai, na mkahawa wa Bunge ulikuwa umejaa. Mmoja akasema hajatia kitu mdomoni tangu jana jioni. Wewe unajua Mama alivyotulea. Mtu akisema hajala, masikio yangu hayasikii kingine. Nikafungua boksi la kwanza. Halafu nikafungua la pili. Walikula kama wavunaji! Mmoja akataka kujua unga wangu unaumukaje laini namna ile, nikamweleza habari ya kuweka maji ya viazi, akatoa kalamu ili aandike, nami nikaanza tangu mwanzo. Tulikuwa wanawake tisa tunacheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka bastola.

Niliporudi kikaoni, Dolores ndiye alikuwa kwenye kiti cha mbele, anazungumza. Harlan alikuwa amewaambia watu wetu wasirudie hoja, nao kwa mara ya kwanza katika historia ya Lhota walimtii. Walimaliza wote kwa dakika kumi. Mimi, niliyeandika barua tangu Novemba, niliyekuwa nimekariri hotuba yangu mbele ya kioo, nilikuwa nje nawalisha wapinzani.

Harlan akanigeukia. "Umekwenda wapi wewe?"

"Nilikuwa nagawa kolache."

"Kwa nani?"

Nikamwonyesha wale wanawake wa Omaha waliokuwa wanaingia, wanajifuta vidole. Alifumba macho. Nadhani alikuwa anasali.

Nilikaa nikalia kidogo, sikufichi. Hapo mtu akanivuta mkono wa sweta kutoka nyuma. Alikuwa Albina. Alikuwa ametoka kwenye safu ya wapinzani na kuvuka ukumbi mzima wakati zamu yake mwenyewe inakaribia.

"Dada, jaza fomu nyingine," akaninong'oneza. "Wasio na upande bado hawajaitwa."

"Lakini mimi nina upande!"

"Najua, unanichosha nao kila siku. Jaza. Hukuoka kolache zote zile uje kukaa kimya."

Akanipa kalamu yake. Kisha akaenda mbele akatoa maoni yake, akaeleza kisa cha sufuria na panya mbele ya maseneta wanane, na kila neno lilikuwa kweli.

Walipoitwa wasio na upande, nilisimama peke yangu. Taa ya kijani ikawaka. Nikataja jina langu, nikavuta pumzi.

"Ninaiomba kamati iupitishe—"

"Bi. Dusek," mwenyekiti akanikatiza. Ni mwanamke mwembamba mwenye miwani, Seneta Wessling. "Huko ni kuunga mkono. Umejiandikisha kama mtu asiye na upande."

"Samahani. Basi niseme tu kwamba wanaoupinga wana—"

"Huo nao ni upande."

Ukumbi ukaangua kicheko. Harlan akajifunika uso kwa kofia.

"Seneta," nikasema, "nina miaka sitini na mitatu, na sijawahi kuwa bila upande hata siku moja."

"Jaribu," akasema, na nadhani naye alikuwa anajizuia kucheka. "Bado una dakika mbili."

Nikatazama karatasi yangu. Kila mstari ulikuwa unasema pitisheni, pitisheni. Nikaikunja. Nilibaki sina kitu, Lumir, isipokuwa jambo lenyewe, na nikalisema.

Niliwaambia kwamba nafunga kituo saa moja jioni, na nyumba yangu iko ng'ambo ya uwanja, karibu tu, dirisha la jikoni naliona. Na kwamba tangu Oktoba siwezi kuuvuka uwanja ule. Nazima taa, nafunga mlango kwa ndani, nasimama gizani nimevaa koti na kofia, nangoja gari lipite barabarani. Likija, nafungua mlango na kukimbia ndani ya mwanga wake mpaka barazani kwangu. Lisipopita, nangoja. Niliwaambia kwamba hakuna anayejua, kwa kuwa naona haya. Mimi niliyewafukuza walevi kwa ufagio miaka ishirini! Nikasema siwaambii wafanye nini. Nawaambia tu ilivyo.

Taa ya njano ikawaka. Seneta Gerdes akasogeza kipaza sauti chake.

"Bi. Dusek, huwa unangoja muda gani?"

"Inategemea. Ijumaa magari ni mengi. Jumatatu, hata saa nzima."

Ikawaka nyekundu, nikasema asante, nikainuka.

Nilipogeuka nikamwona Albina amesimama katikati ya njia, mikono mdomoni. Alinishika bega akanitoa nje mbiombio kama mtoto aliyefanya vibaya kanisani.

"Saa nzima!" akasema. "Saa nzima umesimama gizani, na mimi niko ng'ambo napasha supu mara tatu! Nilikuwa nakulaani! Nikisema huyu hataki kukaa meza moja na mimi kwa sababu ya muswada!"

"Mimi nilidhani umenuna kwa sababu ya muswada."

"Nimenuna kwa sababu ya supu! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema ninaogopa."

"Si unaogopa?"

"Ndiyo, ninaogopa."

Ndipo akanikumbatia, pale pale katikati ya Jengo la Bunge, tukalia sote wawili, na wale wanawake wa Omaha wakitoka nao wakalia, ingawa nina hakika nusu yao hawakujua kwa nini. Seneta Gerdes akapita na mafaili yake. Akasimama. Alisema kwamba anasoma barua zetu kila wiki, na siku zote alifikiri sisi ni watu wa miji miwili tofauti wasiojuana.

"Anwani ni moja, Seneta," Albina akamwambia huku anapenga kamasi.

"Sasa nimeliona hilo," akasema. "Asubuhi nilikuja hapa nimeshaamua. Ninyi wawili mmenivuruga kabisa." Hakusema aliamua nini, na wala hatukumwuliza.

Sharti la Padre lilikuwa la kwenda tu, halikuwa la kurudi. Tulibishana njia nzima mpaka vioo vikajaa ukungu. Harlan alikosa njia ya kuchepukia kwetu kwa sababu alikuwa amegeuka kumjibu Dolores, tukaenda maili nane zaidi.

Kamati haijapiga kura. Wanasema labda mwezi ujao. Mimi bado nautaka ule muswada, na kesho nitaandika barua yangu. Albina bado hautaki, na ataandika yake. Ukipita utajua, usipopita utajua vilevile, maana mmoja wetu atakupigia simu kujisifu.

Sasa habari ya kituo. Jana Harlan alikuja na taa kubwa ya kufunga juu ya nguzo ya tangi la dizeli, na aliyemshikia ngazi ni Dolores, akimkosoa kila msumari. Haijaunganishwa umeme bado, fundi anakuja Jumanne. Lakini si hiyo taa iliyonibadilisha mawazo. Mdogo wangu, mimi sitaki tena kuuza. Sikuwa nauza kituo, nilikuwa naukimbia ule uwanja. Karatasi yangu sitatia sahihi. Ya Albina tayari ameigeuza nyuma na kuandika orodha ya vitu vya kununua kabla ya Kwaresima kuanza Jumatano. Wewe una haki yako kama sisi, na ukiwa unataka kuuza nambie wazi, tutazungumza na sitanuna. Lakini nakuomba, tena nakuomba sana, tuache kama kilivyo.

Nikueleze na ya jana jioni, halafu nikuache upumzike. Saa moja kasoro dakika tano Albina alikuja kituoni, amevaa koti lake la kanisani na mabuti ya Baba. Tangu Alhamisi anakuja kila siku, hasemi kwa nini, anapanga makopo yaliyokwisha kupangwa. Nikazima taa, tukatoka, nikafunga kufuli. Giza lilikuwa totoro na barabara ilikuwa tupu pande zote mbili.

"Wewe huogopi?" nikamwuliza.

"Naogopa vibaya mno," akasema. "Zamani sikuwa naogopa kabisa. Wewe na hotuba yako ndio mmeniambukiza."

"Basi turudi ndani tungoje."

"Usiniletee upuuzi," akasema, akanishika mkono, ule uliovunjika, lakini taratibu. Tukavuka. Alitembea haraka sana, na alikuwa ananiminya vidole, na nilisikia anahesabu hatua kwa sauti ya chini. Ni sabini na mbili. Saa moja na robo tulikuwa mezani, tunakula, na yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kusema.

Nisalimie Noreen, umwambie ajifunike kifua. Wasalimie Keith na mkewe, na umbusu Tess mashavu yote mawili kwa niaba ya shangazi zake wawili wa Nebraska. Harlan anakusalimu. Dolores naye anakusalimu, na anauliza kama bado unazimia. Mungu awalinde kwenye maji na kwenye barafu, na akurudishe nyumbani kiangazi hiki uje utuone.

Dada yako mkubwa akupendaye kuliko anavyosema,

Vlasta